Jina la Mwenye Njaa

Matanga ya mama yake yalipovunjwa, Sendi alipanda darini kuishusha ile nguo.

Nyumba nzima ilijua anapanda kufanya nini. Katika nyumba ndefu milango yote hufungukia kwenye baraza moja, na mtu akikohoa mlango wa kwanza, wa mlango wa mwisho humuuliza kama alilala bila shuka. Lakini asubuhi ile baraza ilikuwa tupu mbele ya chumba chake. Wanawake waliokuwa wakisuka mikeka hapo kila siku walikuwa wamehamia upande ulioelekea chini ya mto, wakisema kule kuna mwanga mzuri. Mwanga ulikuwa uleule.

Mama yake alikuwa amefia kwenye nguo hiyo. Hakuanguka wala hakulia. Aliinama tu, kama mtu anayetafuta uzi uliomponyoka, na walipomwinua, sindano yake ya mwiba wa nungunungu ilikuwa bado imechoma nyuzi za mtande, uzi mwekundu ukining'inia. Sendi ndiye aliyemfungua mkanda wa mgongoni unaovuta mtande. Sendi ndiye aliyeikunja nguo ikiwa bado kwenye miti yake, akaipeleka darini, kwa maana wakati wa matanga hakuna anayefuma, hakuna anayepiga ngoma, na hakuna anayevaa nyekundu. Aliining'iniza kwenye boriti ya kwanza aliyoiona. Machozi yalikuwa yamemjaa; hakuangalia boriti hiyo inapita juu ya nini.

Ilipita juu ya mkeka wa Jawai, binti yake.

Sasa Jawai alikuwa amelala chini hapo, mtoto wa miaka saba mwenye mikono kama vijiti, na homa iliyokuja ikaondoka, ikaja tena, kama mgeni aliyesahau kitu. Sendi alimruka taratibu, akaubeba ule mzigo hadi barazani, akaukunjua.

Yule aliyefumwa ndani yake alikuwa akimtazama.

Ilikuwa nguo ya sindano, ile ambayo kila nakshi huviringishwa kwa mkono, uzi baada ya uzi, kuzunguka nyuzi za mtande, mpaka inainuka juu ya kitambaa na mtu anaweza kuisoma kwa vidole akiwa amefumba macho. Mama yake alikuwa ameanza na kichwa. Macho yalikuwa yamekamilika, mawili, makubwa, mekundu ndani ya weupe. Mabega yalikuwepo, na mikono iliyoinuliwa, na kifua. Tumbo lilikatika katikati. Na huo ndio uliokuwa mwisho wa kazi. Chakula chake hakikuwepo. Uzio wake haukuwepo.

Kila mwanamke aliyewahi kukaa kwenye kitanda cha kufumia anajua jambo hili. Ukifuma jani la pakue, ile mboga ya porini, au mkunjo wa mtambaazi, unafuma tu, ukichoka unaacha. Lakini ukimfuma mmoja wa wale wakubwa, wale wasioonekana, tangu siku unapompa macho ana njaa. Utamwekea chakula miguuni pake, kwa nyuzi, na utamzungushia uzio, kwa nyuzi, asije akatoka kutafuta mwenyewe. Huyu alikuwa amekaa darini matanga yote, macho wazi, bila sahani na bila uzio.

"Wifi!" Lulong, dada wa mume wake, alikuja akiburuta kapu la pakue, akasimama mbali kidogo. "Umemtoa kweli? Mimi nilifikiri unatania. Hebu mgeuze uso, ananiangalia kama mume wangu akitaka chai."

"Njoo unisaidie kuikaza."

"Niikaze mimi? Mimi kazi yangu mikeka. Mikeka haina macho." Alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Jawai ameamkaje?"

"Amekunywa maji."

"Chakula?"

Sendi alitikisa kichwa.

Lulong aliweka kapu chini. "Wifi, usinielewe vibaya. Vile vidonge vichungu vya zahanati amemeza vyote. Mganga amempungia, jogoo wetu tumemchinja. Mtoto anakula kijiko, anakonda sinia. Sasa hicho chakula kinakwenda wapi?"

Sendi aliinama kuikaza nguo peke yake. Swali hilo alikuwa amelala nalo matanga yote.

*

Mama mkubwa wa Sendi, Mengan, aliletwa kwa mtumbwi kutoka nyumba ya juu ya mto. Yeye na marehemu walikuwa tumbo moja, na kwa sindano ndiye pekee aliyebaki wa daraja lao, la wanaofuma wakubwa. Macho yake yalikuwa yameota ukungu. Alikaa, akatafuna tambuu yake hadi mwisho, akatema kupitia nafasi za sakafu, ndipo akanyoosha mkono juu ya nguo.

Vidole vyake vilipita begani, vikapanda shingoni. Vilipofika kwenye macho, aliurudisha mkono kama aliyegusa chungu cha moto.

"Mwenda wazimu," alisema polepole. "Amempa macho kabla ya miguu. Alikuwa na haraka gani?"

"Alijua anaumwa, Mama Mkubwa."

"Basi angefuma kikapu cha maua." Alijifuta mkono kwenye sketi. "Nguo hii haiwezi kuchomwa, unanisikia? Ukiikata kabla haijaisha umekata pumzi ya mtu, na aliye karibu nayo ni mtoto wako. Haiwezi kurudi darini. Lazima iishe."

"Basi imalizie wewe. Mkono wako ni wake."

"Mimi?" Mengan alicheka bila furaha. "Mwanangu, mimi nina wajukuu. Na huyu si wangu, sikumwota. Aliyemwota amekufa, na amekufa na jina lake. Utamwekea chakula, sawa. Utamjengea uzio, sawa. Lakini siku unaufunga huo uzio utamwita kwa jina, umwambie kaa hapa. Utamwitaje? We fulani?"

"Nikimpa jina mimi?"

"Bila kuota?" Mkono wa Mengan ulimtafuta Sendi, ukamshika kiwiko, ukakaza. "Wewe daraja lako ni mitambaazi na machipukizi. Mitambaazi mizuri, mama yako alijisifia. Lakini wakubwa huja wenyewe usingizini. Anayewaita bila kuitwa hunyauka. Nimemwona mmoja, Rimong wa mto wa pili. Alianza kwa kusema mikono inamfa ganzi. Mvua za mwaka ule hazikumkuta."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Lala," Mengan alisema. "Lala uote. Huna kazi nyingine."

Basi Sendi alilala. Alilala mchana na miguu kwenye jua, aliweka nguo chini ya kichwa, aliweka wali wa kunata na yai mlangoni. Aliota sufuria zilizoungua. Aliota mtumbwi wa Baba Jawai, aliyekuwa kwenye kambi za mbao huko pwani, unaingiza maji, na yeye anayachota kwa kifuu. Hakuna mkubwa aliyekuja. Hata mama yake hakuja. Hilo lilimuuma kuliko yote, kwamba tangu walipomzika hajamwota hata mara moja, hata mgongo wake.

Na Jawai aliendelea kupungua. Ngozi ya mashavu yake ililegea kama ya mzee. Siku moja Sendi alimwosha, akaona bangili ya shanga aliyokuwa akiivaa kwenye kifundo cha mkono imepanda hadi juu ya kiwiko, na bado inacheza. Aliivua. Alikwenda nyuma ya jiko, akang'ata kanga yake ya mabegani ili mtoto asisikie.

*

Siku ile Jawai alipozungumza ilikuwa adhuhuri, mvua imekatika, wanaume wako mashambani. Sendi alikuwa akimpepea.

"Mama, kwa nini yule mzee hamumkaribishi?"

"Mzee gani?"

"Yule anayekaa mlangoni."

Upepeo ulisimama mkononi. Mlango ulikuwa wazi, na kizingitini palikuwa na jua tu, na kuku mmoja.

"Hayupo sasa," mtoto alisema, kama anayemtuliza mkubwa. "Huwa anakuja nikifunga macho. Ana macho makubwa hivi. Miguu hana. Haingii, maana hakuna anayemwambia karibu. Nilimwuliza jina lake, akaniambia."

Sendi alijikuta ananong'ona. "Akakwambia nani?"

"Asiyeambiwa Karibu. Mkaa Kizingitini, Asiyeambiwa Karibu." Jawai alilitamka jina taratibu, neno kwa neno, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtoto anayecheza; vile hasa wafumaji wazee wanavyotaja majina ya nguo zao. Kisha akapiga miayo. "Anasema nikikua nitamtengenezea miguu."

Moyo wa Sendi ulipiga mara moja kwa nguvu, halafu ukawa kama umekaa chini.

Jina ndilo hilo. Hakuwa na shaka nalo hata chembe. Lilikuwa na mkono wa mama yake. Kilichomkata pumzi ni mdomo lilikotokea. Mkubwa huja kwa yule anayemtaka. Mama yake alijiwa hivyohivyo, akiwa na homa, meno ya utotoni hayajamtoka yote, na nyumba nzima ilifanya sherehe, kwa maana mfumaji wa wakubwa huketi mahali ambapo hata wanaume humpisha. Alisifiwa hadi uzeeni. Na kila alipomaliza nguo kubwa, kitu kiliondoka ndani ya chumba chake. Sendi alikuwa na kaka wawili na dada mmoja aliowajua kwa majina tu. Makaburi yao yalikuwa ng'ambo ya kijito, madogo, na mama yake hakupita njia ile mpaka alipopitishwa amebebwa.

Akimwambia Mengan ukweli, nguo itakuwa na jina la halali na mtoto atapona. Siku hiyohiyo wafumaji watamfunga Jawai uzi mkononi, na atakuwa wa wale wakubwa.

"Umemwambia nani mwingine?" Sendi aliuliza.

"Hakuna."

"Usimwambie mtu. Hata shangazi yako Lulong. Sawa, mama?"

"Sawa."

Alimfunika. Aliosha uso. Kisha akatembea barazani, mlango baada ya mlango, hadi chumba alichofikia Mengan, na kila hatua alikuwa akiyapanga maneno ya mtoto kinywani mwake kama mtu anayeficha mali ya wizi.

"Nimeota," alisema.

Mengan alikuwa akiponda popoo kwenye kinu chake kidogo cha chuma. Hakuacha kuponda. "Alikujaje?"

"Alikaa mlangoni."

"Alisimama au alikaa?"

"Alikaa. Hana miguu."

Mchi ulisimama. "Aliingia?"

"Hakuingia. Hakuna aliyemkaribisha."

"Alisema nini cha mwisho?"

Hapo Sendi alisita. Yule mzee alikuwa amesema atatengenezewa miguu na Jawai akishakua. "Alisema anataka miguu," alijibu.

Mengan aligeuza uso wake wenye ukungu, akawa kama anamsikiliza jinsi anavyopumua. "Mtoto wa dada yangu," alisema mwishowe, kwa upole uliomtisha Sendi kuliko ukali, "anayesema ameota na hajaota, huyo akifa sitamwekea hata maji. Rimong alikosea kwa ujinga. Mwongo ana njia yake ya kufa."

"Nimesikia, Mama Mkubwa."

"Basi kesho kukipambazuka. Leta jiwe la kunolea ning'arishe chuma chako cha kung'ata."

*

Alifuma barazani, jua likiwa wazi, mkanda umemkaza kiunoni na kipande cha chuma katikati ya meno ili roho yake iwe ngumu. Mengan alikaa kulia kwake. Wanawake wengine walikuja mmoja mmoja, wakajipanga nyuma, wala hakuna aliyekuja na mkeka wake.

Aling'oa sindano ya mama yake kutoka mahali ilipobaki. Mwiba ulikuwa laini, umelainishwa na vidole vilivyokwisha oza. Alitunga uzi. Akanyanyua nyuzi tatu za mtande, akapitisha, akazungusha, akavuta. Nyanyua, pitisha, zungusha, vuta. Aliufunga mstari kwa uzi wa mshindio, akaugonga kwa ubao. Tumbo lilianza kujaa. Nyonga zikafuata. Miguu akaifuma mifupi, imekunjwa, ya mtu aliyekaa, ili asipate wazo la kutembea.

"Mnene huyo," Lulong alinong'ona nyuma. "Na analalamika njaa."

"Funga bakuli lako, wewe," Mengan alisema, na hakuna aliyecheka.

Chakula kilikuja siku zilizofuata, safu moja ya mabakuli, kila bakuli limeinuka kama kifungo: wali, bisi za mpunga, mayai, tambuu. Ilikuwa kazi ndogo yenye vidole vingi, na hapo ndipo Sendi aliposikia ganzi. Ilianzia kwenye ncha ya kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Alikikunja, akakikunjua. Inawezekana ni mkanda umebana, alijiambia. Inawezekana ni kukaa muda mrefu. Jasho lilimtoka chini ya nywele na ladha ya chuma ilimjaa kooni. Alitamani kugeuka amwone mtoto, lakini mfumaji hageuki kabla ya kufunga mstari, na kila mstari ulipofungwa ulimvuta ule mwingine.

Jioni ya safu ya mabakuli, Jawai aliomba uji. Aliumaliza.

Lulong alikimbia barazani akiwa ameshika bakuli tupu juu, akilionyesha mlango kwa mlango. Wanawake walishangilia. Sendi alilia kimya huku meno yamekaza chuma. Alikuwa na furaha, na ndani ya furaha hiyo palikuwa na baridi, kwa kuwa sasa alijua kwa hakika kwamba yule anasikia. Kama amesikia bakuli, amesikia na uongo.

Uzio ulikuwa wa mistari mitatu ya pembe zilizokamatana. Alipofika pembe ya mwisho jua lilikuwa utosini. Mengan aliweka kiganja juu ya nguo.

"Sasa mwite."

Sendi alitoa chuma kinywani. Angeweza bado kusema, huyu si wangu. Aliuegemeza gotini mkono ulioshika sindano.

"Mkaa Kizingitini," alisema, "Asiyeambiwa Karibu. Mimi niliyekuota nakwambia karibu. Chakula chako hiki. Kaa hapa."

Alifunga pembe. Akakata uzi.

Mbwa chini ya sakafu alijikuna, akaacha. Sendi alisubiri, akisikiliza mwili wake kutoka kisigino hadi kichwani, kama mtu anayesikiliza nyumba iliyoingiliwa na mwizi.

"Mama."

Jawai alikuwa amesimama mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, ameshika mwimo, nywele zimemsimama. Wanawake wakapiga vigelegele. Lakini mtoto hakuwaangalia. Alimwangalia mama yake, paji la uso limekunjamana.

"Mama, huyo si wako. Huyo ni—"

"Ana njaa!" Sendi alipaza sauti hadi ikakwaruza. "Wifi, anasema ana njaa. Mpe wali, na samaki, mpe chochote!"

Lulong tayari alikuwa amemnyanyua mtoto, anambusu shingoni, anampeleka jikoni huku anamwita kifurushi cha mifupa. Vigelegele viliendelea. Mengan peke yake ndiye hakusogea. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya macho ya ile nguo.

"Mtoto amesema nini?" aliuliza.

"Amesema ana njaa, Mama Mkubwa."

"Masikio yangu hayana ukungu." Kisha akainuka kwa taabu, akishikilia bega la Sendi, na kabla ya kuliachia akalibana. "Kula vizuri," alisema. "Kula kwa watu wawili, wewe na huyu."

*

Watu walipotawanyika kwenda kuandaa pombe ya mchele, Sendi aliingia chumbani, akajilaza kwenye mkeka kando ya binti yake. Mtoto alinuka samaki. Tumbo lake lilikuwa limejaa, gumu, zuri.

"Umesema uongo," Jawai alisema.

"Sikusema uongo. Wewe hukuota. Ulikuwa na homa. Homa humwonyesha mtu vitu."

Jawai aliliwaza jambo hilo. Alikuwa mtoto mwenye haki, alitaka kuelewa. "Basi na Bibi pia sikumwota?"

Sendi aliinua kichwa.

"Bibi alikuwa nyuma ya yule mzee," mtoto alisema. "Yeye ndiye aliyemleta. Amesema akishaondoka huyu ataniletea mwingine, mzuri zaidi, ana mkia."

Kwa miezi yote hiyo Sendi alikuwa ameomba ajiwe na mama yake. Sasa aliangalia mlangoni, akaogopa kumwona. Hata hivyo swali lilimtoka lenyewe, dogo, la mtu aliyefiwa. "Alikuwaje? Alikuwa anakohoa?"

"Hakohoi. Amenenepa kidogo."

Sendi alimvutia shuka hadi kidevuni. "Akija tena," alisema, "mwambie mimi nipo. Mwambie chochote alicho nacho aniletee mimi. Kisha wewe unisimulie yote, halafu usahau."

"Nilishamwambia, Mama. Anasema wewe unalala umekunja ngumi. Hapati mahali pa kuweka sindano."

Kisha mtoto akageukia ukuta, akalala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Sendi alibaki chali. Nje walikuwa wameanza kugonga ngoma za shaba, za kwanza tangu mazishi. Alifungua mikono yote miwili, akailaza juu ya mkeka, viganja juu, akafumba macho. Alijaribu kutoogopa. Kila alipokaribia kuchukuliwa na usingizi alishtuka, akaona vidole vimejikunja tena, na akavifungua, kimoja kimoja, akaanza upya.